Mlisho na Leseni

Mlisho wa wavuti ni faili ya maandishi ambayo tovuti huiweka mahali pamoja pasipobadilika kwenye seva yake na kuiandika upya kila inapochapisha kitu. Ndani yake mna orodha ya mambo ya karibuni, jipya zaidi likiwa juu: kichwa, kiungo, tarehe, muhtasari, na mara nyingine matini nzima. Faili hiyo haikukusudiwa kusomwa na mtu. Imekusudiwa programu, ili iisome, iilinganishe na ilichokisoma mara iliyopita, kisha imletee mwenye simu au kompyuta kile tu ambacho hajakiona. Anayefuatilia tovuti arobaini hana haja ya kuzizungukia zote kila asubuhi. Programu yake, yaani kisomaji cha milisho, inazizungukia kwa niaba yake.

Faida ya mlisho huwa kubwa zaidi pale ambapo mwenye tovuti siye aliyeandika kilichomo. Sehemu kubwa ya yanayosomwa kwenye intaneti imetengenezwa na watu wasiolipwa: wanaoandika makala za Wikipedia, wanaochora mitaa kwenye OpenStreetMap, wanaowajibu wanafunzi wa kompyuta maswali yao, wanaoingiza majina ya nyimbo za albamu walizonunua. Kazi ni ya hao, seva ni ya mwingine. Ili kazi hiyo ibaki mali ya umma, inahitaji mambo mawili kwa pamoja: njia ya kutokea nje ya seva, na ruhusa ya kisheria ya kutumiwa na yeyote. Penye moja bila jingine, wachangiaji wamepoteza zaidi ya mara moja.

Muundo wa milisho uitwao RSS ulitoka Machi 1999 katika kampuni ya Netscape. Kampuni hiyo ilikuwa na ukurasa ulioitwa My Netscape, ambamo msomaji alijipangia visanduku vya habari kutoka tovuti mbalimbali. Dan Libby na Ramanathan Guha walibuni aina ya faili ambayo kila tovuti ingeitoa ili kujaza kisanduku chake, wakaiita RSS 0.90. Julai mwaka huohuo likaja toleo la 0.91, rahisi zaidi. Baada ya hapo Netscape, iliyokuwa tayari mikononi mwa AOL, iliacha kuushughulikia muundo huo, ukabaki kama mtoto wa mtaa: kila mtu anamtuma, hakuna anayemlea.

Pande mbili zilijitokeza kuulea, na hazikuelewana. Dave Winer wa kampuni ya UserLand alitaka faili ambayo mtu anaweza kuiandika kwa mkono bila kusomea. Kundi la RSS-DEV, ambalo mmoja wa wanachama wake alikuwa Aaron Swartz, wakati huo akiwa na miaka 14, lilitaka muundo wenye uwezo wa kueleza uhusiano kati ya vitu kwa undani, likatoa RSS 1.0 Desemba 2000. Winer naye akaendeleza tawi lake hadi RSS 2.0, Septemba 2002. Namba hizo zinapotosha: 2.0 haikutokana na 1.0, bali ni mwendelezo wa 0.91. Waliochoshwa na mvutano huo walianza muundo wa tatu mwaka 2003, Atom, uliothibitishwa Desemba 2005 na jopo linalosimamia viwango vya intaneti, kwa hati namba RFC 4287.

Visomaji vikajifunza kusoma miundo yote mitatu, na msomaji wa kawaida hakuhitaji kujua ni upi unaotumika. Kilichobaki na uzito ni uamuzi wa Julai 2003, pale maelezo rasmi ya RSS 2.0 yalipokabidhiwa Kituo cha Berkman cha Chuo Kikuu cha Harvard na kutolewa kwa leseni ya Creative Commons. Tangu hapo hakuna kampuni inayoweza kudai ada kwa anayetoa mlisho wala kwa anayeusoma. Namna hii ya uhuru ni adimu katika biashara ya kompyuta, na ndiyo sababu RSS ipo hadi leo wakati miundo mingi yenye wenyewe matajiri imekwisha kusahaulika.

Faili ya RSS ikifunguliwa kwa programu ya kawaida ya kuandikia matini, kinachoonekana si kigumu. Juu kuna jina la tovuti, anwani yake na maelezo mafupi. Chini yake kila kitu kimefungiwa ndani ya lebo mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga, na ndani ya lebo hizo mna vipengele vidogo vyenye lebo zao. Kimojawapo ni utambulisho wa kudumu wa kitu hicho, ambao haubadiliki hata kichwa kikisahihishwa. Bila huo, mwandishi akirekebisha herufi moja kwenye kichwa, kisomaji kingemletea msomaji makala ileile kana kwamba ni mpya.

Kisomaji hakipigiwi hodi na tovuti. Chenyewe ndicho kinachokwenda kuuliza, labda kila nusu saa. Kama kila mara kingepakua faili nzima, gharama ingewaumiza wote wawili. Kwa hiyo seva inapotoa mlisho mara ya kwanza huambatisha alama ya toleo na tarehe ya badiliko la mwisho. Kisomaji kinaporudi hutaja alama hiyo, na ikiwa hakuna kilichobadilika seva hujibu kwa namba 304 bila kutuma faili. Jibu hilo ni maneno machache tu. Kwa anayelipia bando, tofauti ya kupokea 304 badala ya faili ya kilobaiti mia kadhaa, mara arobaini na nane kwa siku, kwa tovuti arobaini, si ndogo hata kidogo.

Kipengele kilichozaa matunda makubwa kuliko vyote kiliingizwa Desemba 2000 katika toleo la 0.92. Kilikuwa kiambatisho chenye taarifa tatu: anwani ya faili ya sauti, ukubwa wake kwa baiti, na aina yake. Adam Curry, mtangazaji wa zamani wa MTV, ndiye aliyemshawishi Winer kwamba mlisho ungeweza kubeba sauti, na Januari 2001 Winer alikijaribu kiambatisho hicho kwa wimbo wa kundi la Grateful Dead. Mwaka 2004 zilitokea programu za kupakua viambatisho hivyo na kuviingiza kwenye iPod, na Februari mwaka huo mwandishi Ben Hammersley akatumia neno podikasti katika gazeti la The Guardian. Juni 2005 Apple ikaingiza podikasti ndani ya iTunes.

Podikasti ni ushahidi mzuri wa kile ambacho mlisho unaweza kukilinda. Kipindi kilichorekodiwa Mombasa huwekwa kwenye seva yoyote, mlisho wake huandikishwa kwenye orodha kadhaa, na msikilizaji wa Muscat au Lubumbashi hukipata kwa programu anayoipenda mwenyewe. Programu hiyo ikifa, kipindi hakifi nayo. Mtayarishaji akihama seva, huelekeza mlisho kwenye anwani mpya na wasikilizaji wake humfuata bila kufanya chochote. Hali si hivyo kwa mwenye wafuasi laki moja kwenye mtandao wa kijamii: hao ni wa mtandao, na akiondoka huondoka peke yake.

Mitandao hiyo haikuwa hivyo tangu mwanzo. Twitter ilikuwa na mlisho kwa kila mtumiaji, ikaufunga Juni 2013 pamoja na toleo la zamani la mlango wake wa programu. Wiki chache baadaye, Julai 1, 2013, Google ilikizima Google Reader, kisomaji ilichokianzisha Oktoba 2005 na ambacho kilikuwa kimeua ushindani kwa kuwa kizuri na cha bure. Tangazo lilitolewa Machi, na ndani ya saa 48 kisomaji cha Feedly kilisema kimepokea zaidi ya watu 500,000 waliokuwa wakihama. Waliweza kuhama kwa sababu orodha ya tovuti walizofuata ilitoka nje ya Google kama faili ya OPML, muundo mwingine wa wazi uliotoka UserLand mwaka 2000. Kisomaji kilizimwa, lakini hakuna tovuti hata moja iliyopoteza mlisho wake. Desemba 2018 kivinjari cha Firefox nacho kiliondoa kisomaji kilichokuwa ndani yake. Tovuti nyingi za habari bado zinatoa milisho, ingawa wasomaji wengi wa leo hawajawahi kuonyeshwa ilipo.

Mlisho, hata hivyo, ni njia tu. Haujibu swali la nani ana haki ya kutumia kinachopita humo, na hapo ndipo historia ya CDDB inapofaa kuelezwa kwa kirefu.

Diski nyingi za muziki za miaka ya 1980 na 1990 hazikubeba majina ya nyimbo. Zilibeba sauti na nafasi ambapo kila wimbo unaanzia. Mwaka 1993 Ti Kan, aliyekuwa ameandika programu ya kuchezea diski, alianza pamoja na Steve Scherf hifadhi ya majina hayo, ndiyo CDDB. Programu ilikokotoa namba kutokana na nafasi za nyimbo na urefu wa diski, ikaituma kwenye seva. Kama diski ilikuwa imeingizwa na mtu mwingine, majina yalirudi. Kama haikuwamo, mwenye diski aliombwa ayaandike, na kazi yake ikawafaa wote wenye diski hiyo duniani. Maelfu ya watu waliandika, wimbo kwa wimbo, wakiamini wanajenga kitu cha wote.

Mwaka 1998 hifadhi hiyo iliuzwa kwa kampuni ya Escient, ikaja kuitwa Gracenote. Masharti yalibadilika, na kufikia 2001 programu zisizo na leseni ya kampuni zilifungiwa mlango. Waliochangia hawakuwa na namna ya kuzuia. Mwaka 2008 Sony ilitangaza kuinunua Gracenote kwa takriban dola milioni 260, na katika bei hiyo kulikuwa na jasho la watu ambao hawakuulizwa lolote. Kilichookolewa kiliokolewa na nakala: matoleo ya mwanzo ya hifadhi yalikuwa yametoka kwa leseni huria ya GPL, na kwa nakala hizo ikaanzishwa freedb. Robert Kaye alikwenda mbali zaidi. Alianzisha MusicBrainz, ambayo data zake za msingi zimeachwa bila haki yoyote iliyohifadhiwa, na mwaka 2004 akaiweka chini ya taasisi isiyo ya kibiashara. Freedb ilifungwa mwaka 2020. MusicBrainz inaendelea, na yeyote anaweza kupakua hifadhi yake yote pamoja na mabadiliko yanayotolewa kila saa.

Sheria yenyewe haina kauli moja kuhusu data za aina hii. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1991, katika kesi ya Feist dhidi ya Rural, iliyohusu kitabu cha namba za simu cha Kansas, kwamba ukweli mtupu hauna hakimiliki hata kama umekusanywa kwa taabu. Umoja wa Ulaya ulishika njia tofauti: agizo lake la 1996 linampa aliyegharamia mkusanyo haki ya miaka 15 juu ya mkusanyo huo. Jina la wimbo au mahali kilipo kisima kijijini haviwezi kulindwa kama shairi linavyolindwa. Kwa hiyo leseni iliyotungwa kwa ajili ya makala inaweza isishike sawasawa kwenye data.

OpenStreetMap ililijua hilo kwa vitendo. Mradi huo ulianzishwa na Steve Coast nchini Uingereza Agosti 2004, na mwanzoni ulitumia leseni ya Creative Commons, iliyotungwa kwa kazi za sanaa na maandishi. Baada ya mjadala wa miaka kadhaa iliamuliwa kuhamia leseni ya ODbL, iliyoandikwa mahsusi kwa kanzidata. Lakini kila nukta kwenye ramani ilikuwa ya aliyeichora, na mradi haukuwa na haki ya kubadili masharti peke yake. Wachangiaji waliulizwa mmoja mmoja. Wapo waliokataa na wapo wasiojibu, na michoro yao ikaondolewa kwenye ramani, barabara nzima katika baadhi ya miji, kabla ya leseni mpya kuanza kutumika Septemba 12, 2012. Ilikuwa hasara ya kuonekana kwa macho, na pia ndiyo heshima kubwa zaidi ambayo mradi wa aina hii umewahi kuwapa wachangiaji wake.

Afrika Mashariki imefaidi kazi hiyo moja kwa moja. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, wakiwa na vifaa vya GPS, waliuchora mtaa wao katika mradi wa Map Kibera, wakati ambapo ramani zilizokuwapo ziliuacha karibu mtupu. Dar es Salaam, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi, kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko: nyumba, vichochoro, madaraja, na hasa mifereji ya maji ya mvua.

Inafaa kuona mfereji mmoja unavyosafiri. Mwanafunzi anauchora kama mstari unaopita kwenye nukta kadhaa, kila nukta ikiwa na latitudo na longitudo yake, kisha anaupa lebo zinazosema ni mfereji, upana wake ni kiasi gani, umejengwa kwa nini. Akihifadhi, mstari unapata namba na toleo la kwanza. Seva hukusanya yote yaliyobadilika duniani katika dakika moja na kuyatoa kama faili ndogo yenye mafungu matatu: yaliyoongezwa, yaliyorekebishwa, yaliyofutwa. Faili hizo zina namba za mfululizo. Yeyote mwenye nakala ya ramani nzima, iwe kampuni ya usafiri au kikosi cha uokoaji, huzipakua kwa mpangilio, na nakala yake huwa nyuma ya ile ya asili kwa dakika chache tu. Huu ni mlisho, ingawa haubebi vichwa vya habari. Leseni inamtaka mtumiaji awataje wachangiaji wa OpenStreetMap, na akiitangaza kanzidata aliyoiboresha, aitoe kwa masharti yaleyale. Hakuna anayemzuia kufanya biashara.

Wikipedia inatoa vilevile njia na ruhusa. Toleo la Kiswahili lilianza mwaka 2003. Kama matoleo mengine, kila ukurasa una historia ya masahihisho na mlisho wake wa Atom, na leseni tangu Juni 2009 ni Creative Commons yenye sharti la kutaja chanzo na kushirikisha kwa masharti yaleyale. Hifadhi nzima hutolewa mara kwa mara kama faili kubwa za kupakuliwa. Bila faili hizo mradi wa Kiwix, ulioanzishwa mwaka 2007, usingekuwapo. Kiwix huigeuza ensaiklopidia nzima kuwa faili moja iliyobanwa, ambayo shule isiyo na intaneti inaweza kuiweka kwenye kompyuta moja na wanafunzi wakaisoma darasani. Hakuna aliyeombwa kibali, kwa sababu kibali kilikwisha kutolewa na kila aliyebonyeza kitufe cha kuhifadhi makala yake.

Tofauti kati ya penye leseni na pasipo nayo ilijitokeza waziwazi Juni 2023, katika tovuti mbili kwa wakati mmoja. Reddit ilikuwa imetangaza kutoza ada kwa programu zinazosoma maudhui yake kupitia API, yaani mlango wake wa programu. Apollo, programu iliyopendwa na watumiaji wengi wa iPhone, ilikadiria kwamba ingelipa dola milioni 20 kwa mwaka, ikafungwa Juni 30. Wasimamizi wa maelfu ya jumuiya walizifunga kwa siku kadhaa kupinga, na kampuni haikurudi nyuma. Mapema 2024, ilipokuwa ikijiandaa kuuza hisa, Reddit ilieleza kwamba ilikuwa na mikataba ya kuuza data yenye thamani ya jumla ya dola milioni 203. Masharti ya tovuti yanasema mwandishi anabaki na umiliki wa alichoandika, huku yakiipa kampuni haki pana ya kukitumia. Umma mwingine haukupewa haki yoyote. Milisho ya RSS ya Reddit bado ilikuwapo, lakini mlisho wa vitu vya karibuni haumpi mtu hifadhi ya miaka kumi na minane.

Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, ilisitisha mwezi huohuo nakala kamili ya data iliyokuwa ikiitoa kila robo ya mwaka. Kelele zikapigwa, na nakala ikarudi ndani ya wiki chache. Ilisaidia kwamba kila jibu lililoandikwa humo liko chini ya leseni ya Creative Commons ambayo haiwezi kufutwa kwa nyuma, na kwamba nakala za miaka iliyotangulia zilikuwa zimekwisha kuwekwa kwenye hifadhi ya Internet Archive, mahali ambapo kampuni haina funguo. Mwaka 2024 kampuni ilihamishia nakala hiyo kwenye tovuti yake, kwa walio na akaunti tu na wanaokubali masharti ya ziada. Mlango ulikuwa umebanwa kidogo, lakini kilichokwisha kutoka hakikuweza kurudishwa ndani.

Wapo waliojenga upya njia kuanzia chini. Januari 2018 taasisi ya W3C ilipitisha ActivityPub, kiwango kinachoziwezesha seva za watu tofauti kutumiana machapisho, na mwezi huohuo ikapitisha WebSub, kinachokiondolea kisomaji kazi ya kuuliza kila nusu saa: mlisho ukibadilika, kituo cha kati hukijulisha. Mtandao wa kijamii wa Mastodon, ulioanza 2016, hutumia ActivityPub, na kila akaunti ya umma humo ina mlisho wa RSS unaopatikana kwa kuongeza nukta na herufi tatu mwishoni mwa anwani yake.

Njia iliyo wazi hupitwa pia na wenye mizigo mizito. Aprili 2025 Wikimedia Foundation, taasisi inayoendesha Wikipedia, ilieleza kwamba upakuaji wa picha na video kutoka hifadhi yake ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 50 tangu Januari 2024, na kwamba ongezeko hilo lilitokana kwa sehemu kubwa na roboti zinazokusanya data za kufundishia mifumo ya akili unde. Roboti hizo hazifuati mazoea ya wasomaji. Binadamu wengi husoma kurasa zilezile maarufu, ambazo seva za karibu huwa nazo tayari. Roboti hupita kila ukurasa, hata ule usiofunguliwa kwa mwaka mzima, na kila ombi la namna hiyo huifikia seva kuu, ambako gharama ni kubwa. Wanaolipa ni wafadhili, wengi wao wasomaji wa kawaida wanaochangia pesa kidogo.

Wikimedia haikufunga faili zake. Tangu 2021 inayo huduma ya kulipia, Wikimedia Enterprise, ambayo Google ilikuwa kati ya wateja wake wa kwanza waliotangazwa mwaka 2022. Kinachouzwa humo ni kasi, uhakika wa huduma na mpangilio wa data unaofaa mashine kubwa. Makala zenyewe ni zilezile, kwa leseni ileile, na nakala kamili bado inapakuliwa bure na mwalimu, mwanafunzi au mwandishi wa programu asiye na mkataba na mtu yeyote.